Kimeza Changu na Kisu cha Mama

Jumanne, 3 Juni

Muuza nyama amerudisha kisu. Siku tano tu tangu nimkabidhi. Alikitupa mezani mbele ya wateja wawili, akasema kinakwenda upande: anakata pande lililonyooka, anapata kabari. Nikamwambia labda ni mkono wake. Akanijibu kwamba mkono huo umekata nyama miaka kumi na minane bila kulalamikiwa na mtu.

Shemeji akakichukua. Hakusema neno. Huyu mume wa mdogo wangu hasemi neno kamwe, ndiyo silaha yake. Akawasha mashine ya mkanda, akasimama mbele ya ule msasa unaozunguka, mikono mitupu, bila kiegemeo, bila kipimo. Akapitisha kisu upande mmoja, akakichovya kwenye ndoo ya maji, akakigeuza, akapitisha upande wa pili. Dakika kumi. Muuza nyama akajaribu makali kwenye karatasi, akaondoka anacheka. Mimi nilikuwa nafagia. Pale palikuwa pameshafagiliwa, nikaendelea kufagia.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu (mke wangu anasema mwandiko wangu unamuumiza kichwa). Visu vyangu hutoka upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Mkanda unakwenda mbio, chuma kinatetemeka, mkono wa kulia unasukuma kuliko wa kushoto. Marehemu baba aliniona mapema. Alinifundisha miaka sita. Shemeji, miwili tu. Alipokuwa mgonjwa, baba alisema karakana ni yetu sote wawili, ila mashine aishike shemeji. Alilisema mbele yangu, kwa upole. Upole ndio ulioniuma.

Hilo la mashine nimeshalimeza. Linalonikaba ni kisu cha mama. Baba alikifua mwaka waliooana. Vingine vyote alivyovifua viliuzwa au vilipotea. Kimebaki hicho, na mama anakitumia kila siku. Kikichoka anakileta karakana kimefungwa kwenye kitambaa. Anapita mbele ya meza yangu, ananiuliza watoto hawajambo, kisha anampa shemeji. Mimi, mtoto wake wa kwanza, wa tumbo lake! Miaka minne tangu mazishi, hajanipa hata mara moja.

Jumamosi hii anakileta. Kimenolewa miaka mingi mpaka makali yamepanda yakafika penye unene. Sasa hakitaki jiwe, kinataka kusagwa mashavu yote mawili, ubapa wa huku na wa kule, kiwe chembamba tena. Kazi ya mashine. Nataka anipe mimi. Mara moja tu, basi.

Nina wazo.

Jumatano, 4 Juni

Wazo lenyewe: kimeza. Bamba la chuma lenye upana wa kiganja, linafungwa mbele ya mkanda. Juu yake kunakaa kipande cha chuma cha pembe chenye sumaku. Sumaku inashika kisu kimesimama, makali juu, mgongo chini. Kazi yangu ni kusukuma kile kipande kwenda na kurudi. Mkono hauna haja ya kufikiri. Kimeza kinainama na kuinuka kwa bolti ndefu iliyo chini yake. Pembe naichagua mimi, nakaza nati, haibadiliki. Shavu hili digrii tatu, shavu lile digrii tatu. Nani atasema kabari?

Ili kiiname kinahitaji bawaba imara. Bawaba imara kuliko zote ninazozijua ilikuwa kwenye mlango wa choo chetu. Mlango nimeuegemeza. Ukiingia unaunyanyua kwa mikono miwili, ukishakaa unaushikilia kwa mguu. Mke wangu ameuliza hali hii ni mpaka lini. Nimemwambia haya ni maendeleo. Akajifunga kanga, akaenda kuomba choo kwa mdogo wangu.

Mchomeleaji wa jirani ndiye aliyenichomea bawaba kwenye bamba. Aliuliza hiki ni kitu gani. Nikamwambia ni siri. Akasema siri yenyewe imepinda. Nikamwomba ainyooshe, akainyoosha kwa nyundo. Mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. Kabla ya adhuhuri shemeji alikuwa ameshapata habari. Akaja, akakitazama kimeza, akazungusha bolti juu, akaizungusha chini, akasema ni wazo zuri, kaka.

Wazo zuri, kaka. Ananikejeli huyu.

Alhamisi, 5 Juni

Jaribio la kwanza. Nimeazima pima maji ya fundi mwashi anayejenga ukuta nyuma yetu. Mwenyewe alikuwa amekwenda kula, sikutaka kumsumbua. Naiweka juu ya kimeza, nazungusha bolti mpaka kile kiputo kikae katikati. Hapo ni sifuri. Kisha mizunguko miwili zaidi, nipate digrii tatu. Hesabu nimeipata kwa kipimapembe cha binti yangu, ambaye leo amekwenda shule bila kipimapembe.

Nikaacha nafasi ya dole gumba kati ya kimeza na mkanda, msasa usije ukachubuka. Nikawasha. Nikasukuma kipande cha chuma chakavu. Mkanda ukakivuta chini kwenye ile nafasi, ukakimeza, ukakitema. Kilipita karibu na sikio langu na kwenda kutoboa chupa ya chai ya shemeji. Chai yote ikaishia sakafuni.

Shemeji alipangusa sakafu. Kisha akakata kipande cha boksi, akakisimamisha kati ya mkanda na kimeza, akasema nafasi isizidi unene wa hiki, kaka, chuma kikipata pa kuingia kitaingia. Akatoka kwenda kutafuta chai. Nilisubiri apotelee barabarani ndipo nikasogeza kimeza. Sikutaka aone nimemsikiliza.

Jaribio la pili. Mashavu sawa! Nilipima mara nne. Shavu la kulia na la kushoto, hayana tofauti. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikakishika kile kipande kama mtu aliyepewa mtoto. Nikamkumbuka baba, nikatamani angekiona. Kisha nikakumbuka kwamba angekitazama, angenyamaza, halafu angempa shemeji akitazame tena. Nikasimama nikaendelea na kazi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimempelekea mama kile kipande. Alikuwa anachambua mchele. Akafuta mikono, akapitisha kidole shavu hili, akapitisha shavu lile, akasema kiko sawa. Nikamuuliza, kama kwa bahati, je, kesho? Akarudi kwenye mchele wake. Akasema shemeji yako amekizoea kile kisu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimerudi nimenywea. Njiani nikajikaza, na kufika karakana nilikuwa nimeshakata mashauri mawili.

Shauri la kwanza: mashine ihamie mlangoni. Kule ndani ni giza, mama akiingia haoni anayefanya kazi, anasikia kelele tu. Mlangoni mwanga utaniangukia begani na kitu cha kwanza atakachoona ni kimeza. Mchomeleaji alinisaidia kuisukuma wakati shemeji amekwenda kununua mikanda. Pale mlangoni sakafu inateremka. Baba aliimwaga hivyo makusudi, maji yatoke tukiosha. Mchomeleaji akasema mashine imeinama. Nikamwambia nimemwita asukume, sikumwita akague.

Shauri la pili: kesho asubuhi shemeji asiwepo. Nimemwambia muuza nyama ametuma ujumbe, anamtaka dukani kwake, ng'ambo ya mji, saa mbili kamili, aje na mawe yote ya kunolea. Muuza nyama hana habari.

Shemeji aliitikia sawa, kaka. Akaitazama mashine mahali ilipo. Akauliza watu watapita wapi. Nikamwambia ubavu ubavu.

Jumamosi, 7 Juni

Ni jioni. Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu mama aliingia, ubavu ubavu. Akauliza shemeji yuko wapi. Nikamwambia ameitwa, hajulikani atarudi saa ngapi. Nikamletea kigoda. Akakaa na kisu mapajani ndani ya kitambaa chake. Nikawasha mashine nikasaga vyuma chakavu ambavyo havikuhitaji kusagwa, aone jinsi kimeza kinavyofanya kazi. Saa nne akauliza tena. Nikasema foleni, pengine. Saa nne na nusu alitazama barabarani. Saa tano alinitazama mimi, kwa muda mrefu, mpaka nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kisha akafungua kitambaa. Akasema, "Haya, chukua. Taratibu lakini."

Alinipa kwa hiari yake. Narudia: kwa hiari yake. Machozi yalinilenga. Nikamwambia akapumzike kwa mdogo wangu, nyumba ya pili, nitamwita kikiwa tayari.

Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Pima maji juu ya kimeza, kiputo katikati, mizunguko miwili. Nafasi ya unene wa boksi. Nikapaka mashavu yote wino mweusi, ili nione mkanda unakula wapi. Sumaku ikakishika kisu, makali juu. Nikawasha.

Mkanda ulikula ukanda mwembamba tu, pale pale kwenye makali. Shavu lote lilibaki jeusi. Nikasema mkanda ni mpya, utapanda wenyewe. Nikageuza kisu. Upande wa pili, ukanda mwembamba vilevile, upana uleule. Nikafurahi kwamba ni sawa. Nikasukuma zaidi. Sikuchovya majini kila mara, maana kuchovya kunapoteza wakati na shemeji angeweza kutokea. Miwani ya kazi ilijaa mvuke wa jasho. Niliposimama kuifuta ndipo nikaona.

Makali yalikuwa ya buluu. Kutoka kwenye mpini mpaka kwenye ncha.

Kila mtu wa kazi hii anaijua rangi hiyo. Chuma kikipata moto kikawa buluu, ugumu wake umetoka, kimekufa, hakishiki makali tena. Nikaanza kuisaga ile buluu niiondoe. Kila nikiiondoa inatokea nyingine chini yake. Niliposhtuka, kisu cha baba kilikuwa kimebaki nusu ya upana wake.

Nilipima. Pande zote mbili zimeharibika sawasawa. Hakuna tofauti hata ya unywele.

Mama aliporudi nilikuwa nimeshakificha chini ya gunia. Nikamwambia kimelowekwa kwenye mafuta, kitakuwa tayari Jumanne. Akauliza tangu lini visu vikalowekwa. Nikamwambia ni utaalamu mpya. Akakikunja kile kitambaa kitupu mara nne, akakitia kwenye mkoba, akaenda zake.

Shemeji alirudi saa nane. Muuza nyama alimshangaa, lakini kwa kuwa ameshafika alimpa visu kumi na viwili anoe. Akauliza kama mama alikuja. Nikasema hakuja.

Jumapili, 8 Juni

Karakana imefungwa. Nimejifungia ndani peke yangu na gunia.

Sina la kuchekesha leo. Nimekitoa, nimekitazama, nimekirudisha. Nimefanya hivyo mara nne. Baba alikuwa akipiga nukta tatu karibu na mpini kwenye kila kisu alichoridhika nacho. Nukta bado zipo. Hazikuguswa. Ningependa zingekuwa zimefutika, zisinitazame. Nina huzuni na nina aibu, na sijui ni ipi iliyo kubwa.

Mchana ilinijia fikra, nikapata nguvu kidogo. Chini ya meza ya baba kuna kipande cha springi ya gari, alichokiacha. Visu vyake vyote alivifua kwa chuma cha namna hiyo. Nikitengeneza kisu kingine kwa chuma cha baba, kwenye karakana ya baba, nikakitia mpini wa baba, kitakosa nini kuwa cha baba? Sielewi kwa nini mtu aone huo ni udanganyifu.

Tatizo ni umbo. Kile chenyewe hakionyeshi tena kilivyokuwa. Nimepata picha moja ambayo mama anakata vitunguu kwenye harusi ya mdogo wangu. Kwenye picha kisu kina ukubwa wa punje ya mchele. Nimeipima punje hiyo kwa rula, nikazidisha.

Jumatatu, 9 Juni

Shemeji leo yuko kwa mafundi seremala, ananoa misumeno yao hukohuko. Mungu mkubwa.

Nimekata, nimechoma moto, nimezimisha kwenye mafuta, nimesaga. Kimeza kilinisumbua tena. Ukanda uleule mwembamba kwenye makali. Nilipotaka kulia niliingiza kipande cha boksi chini ya chuma cha pembe, upande wa mkanda, mambo yakakaa sawa ghafla. Shavu lote likasagika vizuri. Sijui kwa nini. Sikuuliza.

Kisha mpini. Niliugonga utoke kwenye kisu cha zamani, ukatoka na ufa. Nikaubana kwa gundi. Mdogo wangu akaingia wakati huo, akanusa, akauliza gundi hiyo ya nini. Nikamwambia ya mlango wa choo. Akasema afadhali, maana mke wangu amehamishia na taulo kwake.

Mwisho, nukta tatu. Niliziacha mwisho kwa sababu niliogopa. Ya kwanza ilikaa. Ya pili ilikaa. Ya tatu nyundo iliteleza, nukta ikakaa mbali na zile mbili. Ukitazama haraka huoni.

Nimekitazama haraka mara nyingi. Kinafanana.

Jumanne, 10 Juni

Nilimpelekea asubuhi. Alikuwa jikoni. Alikipokea, akachukua kitunguu, akakata vipande vitatu, akaweka kisu chini. Kilikata vizuri. Naapa kilikata vizuri.

Akapitisha kidole gumba kwenye nukta. Moja, mbili. Ya tatu akaitafuta.

Akauliza kile kingine kiko wapi. Nikasema ndicho hicho, mama, mafuta yamekibadilisha kidogo. Akauliza tena, kwa sauti ileile, hakupandisha. Nikasema ndicho. Akauliza mara ya tatu. Miguu yangu ikaenda yenyewe mpaka karakana, ikarudi na gazeti lililofungwa. Nikaliweka mezani. Mama akalifungua. Nusu kisu, hakina mpini, kina buluu kwenye ncha.

Alikishika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa natazama kitunguu.

Akasema jambo ambalo nisingependa kuliandika, ila nimeapa humu nitaandika kweli. Alisema Jumamosi alijua. Nilikuwa nimetazama barabara mara nyingi kuliko yeye, na mtu anayemtaka mwenziwe arudi hatazami hivyo. Akajua shemeji nimemwondoa mimi. Akakaa saa mbili na kisu mapajani akijiuliza. Alisema baba alimwambia siku zile za ugonjwa, kisu hiki usimpe kijana wetu, mkono wake bado. Na yeye akawa anapita mbele ya meza yangu miaka minne, na kila akipita anaumia, maana ananiona. Jumamosi akasema moyoni, huyu ni mwanangu, nitampita mpaka lini?

"Nikakupa huku najua," akasema.

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Sufuria lilikuwa motoni, linatoa mvuke. Hakunipakulia.

Jumatano, 11 Juni

Mdogo wangu amevileta visu vyote viwili, kile kilichobaki na kile changu, akampa mume wake. Mimi hakunisalimia. Wamenong'ona nje. Nikamsikia mdogo wangu analia.

Shemeji hakuniuliza kitu. Ningependa angenitukana, nijue pa kushika. Alivuta kigoda mbele ya mashine, akakifungua kimeza changu akakiweka pembeni, taratibu, akaanza kuondoa ile buluu kwa mikono yake. Anapitisha mara moja, anachovya. Anapitisha mara moja, anachovya. Ilimchukua saa nzima. Kimetoka kisu chembamba cha kumenyea, urefu wa kiganja na kidogo. Akaung'oa mpini wa baba kwenye kisu changu, akaufupisha, akaurudisha. Nukta tatu zipo, za kweli.

Alipomaliza aliniita. Akakirudisha kimeza mahali pake, akaweka pima maji juu yake. Kiputo katikati. Akachukua skwea, kile kipimo cha pembe mraba, akaisimamisha juu ya kimeza ikiegemea mkanda. Juu iligusa, chini kulikuwa na mwanya. Akasema pembe inapimwa kutoka kwenye mkanda, kaka, haipimwi kutoka kwenye dunia. Hapa mlangoni sakafu inateremka, mashine imeinama, mkanda umeinama nayo. Pima maji inajua dunia tu, haijui mkanda. Nilipodhani niko kwenye digrii tatu nilikuwa kwenye saba, ndiyo maana ilikula makali ikaacha shavu.

Kisha akasema kimeza chenyewe ni kizuri sana. Akaniomba nimtengenezee na yeye, anakitaka kwa kazi za mfululizo. Nikamwambia nitalifikiria. Huyu amelitamani wazo langu tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo kosa ni la pima maji. Nilishuku tangu mwanzo. Fundi mwashi alikuja kuichukua jioni, amefura. Anasema ukuta wake umejengwa karibu wiki nzima kwa macho. Nilimwambia ashukuru, nimemwepusha na kipimo kibovu. Tuliachana vibaya.

Jumamosi, 14 Juni

Tulikwenda pamoja kwa mama, mimi na shemeji, kumrudishia kisu. Shemeji alikibeba. Sikubishana.

Mama alikipokea, akamenya nacho kiazi kimoja, akamshukuru shemeji. Mimi akaniambia nikae. Nikakaa. Kisha akasema hatakileta tena karakana. Si kwangu, si kwa shemeji. Kilitoka nyumbani kikarudi kimepungua, na kilichopungua hakina pa kupungulia tena. Kuanzia leo hakitoki kwenye mlango huu. Amejitafutia jiwe, ananoa mwenyewe.

Shemeji akasema sawa, mama. Njiani kurudi, tulipofika kona, akasimama, akafuta uso kwa kitambaa. Akasema kile kisu ndicho kilichokuwa kikimpa faraja. Kila akikishika alikuwa anaona mzee alipoanzia na alipoishia, na anajifunza kitu. Sasa basi. Nikamshika bega. Nilimwonea huruma, naandika kweli. Nimemwonea huruma mpaka nilipofika nyumbani.

Nyumbani nikakaa nikatafakari. Hapewi yeye, sipewi mimi. Tangu mazishi, hii ni mara ya kwanza tuko sawa. Ningekuwa mtu wa majivuno ningesema hiki ndicho nilichokitaka.

Ila kuna jambo limeninyima raha. Kabla hatujaondoka nilimwona mama amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, jiwe mapajani, anajaribu makali. Mikono yake imezeeka. Inatetemeka. Pembe inayumba, mara juu, mara chini, na kila ikiyumba inakula chuma bure. Kwa mwendo ule kile kisu hakimalizi miaka miwili, na hakuna anayeliona isipokuwa mimi.

Jiwe linahitaji kimeza. Kidogo, chepesi, chenye bolti ndogo ubavuni. Nimeshakichora. Safari hii sipimi kutoka kwenye dunia, napima kutoka kwenye kisu chenyewe, kwa hiyo lazima nikipate mkononi. Jumatatu asubuhi mdogo wangu anampeleka mama kliniki. Kule huwa wanakaa mpaka saa sita, na mlango wa jikoni hawaufungi. Nitakichukua, nitakijaribisha kidogo tu, na nitakuwa nimeshakirudisha kabla hawajaingia.